ROBERT SMALLS: KUTOKA USUKANI HADI BUNGE LA JIMBO

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotangaza kuwa kila mwandishi alete maisha ya mtu maarufu aliyekwisha kuaga dunia, wengi walikimbilia marais na wafalme. Mimi nikasema nataka mbunge. Na si mbunge wa taifa, bali mbunge wa jimbo, yule ambaye siku hizi hapa kwetu tungemlinganisha na mwakilishi wa wadi kule kwenye bunge la kaunti. Wenzangu walinicheka hadi machozi yakawatoka. Ati mtu kama huyo ana maisha gani ya kuandikwa? Anafungua soko, anapigwa picha, anakwenda zake. Nikawaambia wangoje jarida litoke.

Kabla sijaanza, hebu nieleze jambo moja. Marekani ni nchi ya majimbo, na kila jimbo lina bunge lake, karibu yote yakiwa na mabaraza mawili, la wawakilishi na la maseneta. Bunge hilo silo lile kubwa la Washington ambalo tunalisikia redioni. Lakini ndilo linaloamua mambo yanayomgusa mtu hadi sebuleni kwake: nani aende shule, nani amuoe nani, nani apige kura na nani asipige. Mtu ninayemsimulia alizaliwa chini ya sheria za bunge kama hilo, akaingia ndani yake, akazibadilisha, kisha akaishi hadi akaona nyingine zikigeuzwa mbele ya macho yake.

Robert Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Alizaliwa kibandani, nyuma ya nyumba kubwa ya familia ya McKee iliyommiliki mama yake. Mama huyo, jina lake Lydia, alikuwa mtumishi wa ndani. Baba hakujulikana kwa hakika, ingawa wengi waliamini alikuwa Mzungu. Lakini hilo halikumsaidia Robert hata chembe, maana mtoto wa mtumwa alikuwa mali ya mwenye mama, vile ndama alivyo mali ya mwenye ng'ombe.

Kule nyumbani kwa akina McKee kijana alipendwa, akala vizuri, akacheza. Mama mwingine angeshukuru Mungu. Lydia yeye aliingiwa na hofu. Aliogopa mwanawe asije akakua akidhani utumwa ni jambo la kawaida tu. Basi inasimuliwa kuwa alihakikisha mtoto anapelekwa shambani akaone watumwa wenzake wanavyochomwa na jua, na akafikishwa penye mti wa kufungia watu, akashuhudia mtu akicharazwa mijeledi. Somo liliingia, tena likaingia kupita kiasi! Kijana akawa mkaidi, akawa anaingia taabani na askari wa mji mara kwa mara, hadi mama akaona heri aondolewe pale kabla hajavunjwa mbavu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakukipata: shule. Mwaka 1834, miaka mitano kabla hajazaliwa, bunge la South Carolina lilipitisha sheria ya kukataza mtumwa kufundishwa kusoma au kuandika. Aliyethubutu kumfundisha alitozwa faini na angeweza kutiwa jela. Tafadhali msomaji, iweke sheria hiyo akilini, maana tutairudia.

Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 12 tu, Robert alipelekwa Charleston, mji mkubwa wa bandari, akafanye kazi za kukodishwa. Yaani yeye anafanya kazi, mshahara unakwenda kwa bwana wake, naye anaachiwa dola moja kwa wiki. Alihudumu mezani hotelini, akawasha taa za barabarani, mwishowe akashuka bandarini. Huko ndiko alikopata chuo chake. Alipakia na kupakua shehena, akashona matanga, akafunga kamba za milingoti, na pole pole akajifunza kushika usukani. Akaijua bandari ya Charleston na mikondo yake na mafungu yake ya mchanga kama ajuavyo kiganja cha mkono wake. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya rubani wa meli, lakini jina la rubani hakupewa kwa kuwa ni mtumwa. Waliita kazi hiyo kushika gurudumu.

Akiwa na miaka 17, mwezi Desemba mwaka 1856, alimuoa Hannah, mtumishi wa hotelini aliyekuwa mtumwa pia. Walipojaliwa binti, Robert akafahamu kuwa siku yoyote mwenye Hannah anaweza kumuuza mama huku na mtoto kule. Akajifunga kibwebwe awanunue mke na binti yake. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 800. Hebu piga hesabu, mtu wa dola moja kwa wiki! Alipokea vibarua vya ziada, akauza vitu vidogo vidogo kwa mabaharia, lakini vita vilifika kabla pesa hazijatimia.

Vita vyenyewe ni vile vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Aprili 1861, pale pale Charleston, majeshi ya Kusini yalipoipiga mizinga ngome ya Sumter. Majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga na Marekani ili yaendelee na utumwa wao, na South Carolina ndiyo iliyotangulia kujitenga. Smalls akatiwa katika meli ya mvuke iliyoitwa Planter, iliyokuwa ikibeba pamba na sasa ikibeba askari na silaha za Kusini. Maafisa watatu Wazungu walikuwa juu, watumwa chini, na Smalls kwenye gurudumu. Nje ya bandari zilisimama manowari za Kaskazini, za serikali ya Abraham Lincoln, zikizuia meli zisiingie wala kutoka. Kwa hiyo uhuru ulikuwa unaonekana kwa macho. Katikati yake na hapo walipo ndipo palipokuwa na ngome zenye mizinga.

Tarehe 12 Mei 1862 Planter ilipakiwa mizinga minne iliyotolewa katika kisiwa kimoja, mbali na ile miwili iliyokuwa nayo. Usiku ulipoingia, wale wakubwa watatu walishuka kwenda kulala mjini, jambo lililokuwa limekatazwa kabisa. Walimwamini Smalls. Au tuseme hawakudhani kuwa mtumwa anaweza kuwa na akili ya kuiba manowari.

Kumbe Smalls na wenzake walikuwa wamekwisha kula njama. Walikubaliana kuwa wakishikwa hawatajisalimisha. Wataizamisha meli, na ikishindikana watashikana mikono waruke baharini wote, wakubwa kwa wadogo. Yapata saa tisa za usiku wakawasha tanuri, moshi ukapanda, meli ikang'oa nanga. Smalls alivaa koti la nahodha na kofia yake pana ya ukindu. Kwanza walipita gati jingine wakawachukua Hannah, watoto na jamaa wengine waliokuwa wamejificha. Jumla yao ilikuwa watu 16. Halafu wakaelekea baharini polepole, maana meli yenye haraka usiku hutiliwa shaka.

Kila ngome ilikuwa na ishara yake ya honi, naye alikuwa amezihifadhi zote kichwani kwa kuwasikiliza wakubwa wake wakizipiga. Hakuwa na daftari, hata angekuwa nalo asingeweza kulisoma. Ngome ya kwanza wakapita, ya pili wakapita. Wanawake na watoto walikuwa chini, kimya, nadhani hata mate hayamezeki. Yapata saa kumi unusu, alfajiri ikianza kupambazuka, wakafika mbele ya Sumter yenyewe, ngome nene yenye mizinga ya kuifanya Planter kuni. Smalls akasimama dirishani vile nahodha alivyozoea kusimama, mikono kifuani, kofia imeshushwa usoni. Akavuta kamba ya honi: mara mbili ndefu, mara moja fupi. Wakangoja. Mlinzi wa ngome akawaruhusu.

Walipokwisha kutoka nje ya shabaha ya mizinga, wakageuza mwendo kuelekea manowari za Kaskazini. Sumter wakashtuka, lakini wapi, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Hatari ikawa sasa ni upande wa pili. Manowari iliyoitwa Onward ikaona meli ya adui inakuja, ikaanza kuelekeza mizinga yake. Hapo ndipo bendera ya Kusini iliposhushwa ikapandishwa shuka nyeupe ya kitanda, shuka ambayo Hannah alikuja nayo. Baharia mmoja akaiona. Smalls akasogeza meli ubavuni mwa Onward, akavua kofia, akakabidhi mizinga yote. Alikuwa na miaka 23.

Sitaki kumaliza kurasa zote kwa bahari, ingawa najua hapo ndipo wengi mngetaka nikae. Kwa ufupi, bunge la Washington lilipitisha mswada wa kuwapa fidia, Smalls akapata dola 1,500. Mwezi Agosti 1862 alikwenda Washington pamoja na kasisi mmoja kuomba watu weusi waruhusiwe kushika bunduki, na mwezi huo huo waziri wa vita akaruhusu wanaume 5,000 waandikishwe huko South Carolina. Aprili 1863 aliiongoza manowari ya chuma Keokuk kwenda kuishambulia Sumter. Ikapigwa zaidi ya mara 90, ikazama asubuhi yake, yeye akaokoka. Desemba mwaka huo, akiwa tena ndani ya Planter, nahodha Mzungu alishikwa na kiwewe mizinga ilipozidi, akakimbilia kujificha kwenye chumba cha makaa ya mawe. Smalls akashika amri akaiokoa meli, na baada ya hapo akafanywa nahodha wake.

Mwaka 1864 Planter ilipelekwa Philadelphia, upande wa Kaskazini, ikatengenezwe. Mambo mawili yalimpata huko, na mimi nayaona makubwa kuliko shuka na honi. La kwanza, alitafuta walimu wakamfundisha kusoma na kuandika. Mtu mzima wa miaka 25, shujaa aliyekwisha kuandikwa magazetini, anakaa chini na kitabu cha watoto wadogo anajifunza irabu! La pili, siku moja mwezi Desemba alipanda gari la abiria lililokuwa likienda kwenye reli, akaambiwa aondoke kitini aende kusimama nje kwenye kibaraza kwa sababu ni mweusi. Akakataa kusimama nje, akashuka, akatembea kwa miguu. Habari ikaenea mjini kuwa mwokozi wa Planter ameteremshwa garini, watu wakapiga kelele, na kelele hizo zikajiunga na za wengine waliokuwa wakiupinga ubaguzi huo. Mwaka 1867 bunge la jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria ya kuukomesha ubaguzi ndani ya magari hayo. Nadhani Smalls aliliona hilo akajifunza. Mtu akisukumwa garini anaweza kupigana na utingo, lakini utingo wa kesho atamsukuma vile vile mpaka sheria ibadilike.

Vita viliisha mwaka 1865 na utumwa ukafa. Smalls akarudi Beaufort. Nyumba ya akina McKee, ile kubwa yenye kibanda nyuma alikozaliwa, ilikuwa imepigwa mnada na serikali kwa kutolipiwa kodi wakati wa vita, naye ndiye aliyeinunua. Akamweka mama yake ndani. Aliyekuwa na nyumba zamani alimshtaki ili arudishiwe, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Inasimuliwa pia kuwa bibi wa akina McKee, akiwa mzee na akili zimempotea, alirudi siku moja akaingia akidhani bado ni kwake, na Smalls akamwacha akae. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza.

Sasa tufike bungeni. Mwaka 1867 Smalls alishirikiana na wenzake kununua jumba la kuwa shule ya watoto weusi pale Beaufort. Mwaka uliofuata, mwezi Januari 1868, ulifunguliwa mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo. Ulifanyika Charleston, mji ule ule alikokuwa akikodishwa. Wajumbe walikuwa 124, na 76 kati yao walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa wa juzi tu. Jambo kama hilo halijawahi kuonekana Marekani. Magazeti ya Wazungu yaliwadhihaki sana.

Smalls hakuwa msemaji hodari kama wengine mle ndani. Francis Cardozo, aliyekuwa amesoma chuo kikuu kule Glasgow, ndiye aliyeongoza kamati ya elimu, na haki yake apewe. Lakini Smalls, aliyejua kusoma kwa miaka kama minne tu, alileta hoja kuwa jimbo liwe na shule za watu wote, zisizotoza karo, na kwamba wazazi walazimike kuwapeleka watoto. Neno hilo la kulazimika lilizua mjadala mkali. Maskini atalimaje mtoto akiwa darasani? Na Mzungu atakubali mwanawe akae na mtoto mweusi? Mwishowe katiba ikaandikwa hivi: jimbo litaanzisha shule za umma, shule hizo zitakuwa wazi kwa wote bila kujali rangi, na zikishakamilika, kila mtoto wa miaka 6 hadi 16 atalazimika kuhudhuria kwa jumla ya miezi isiyopungua 24.

Rudi sasa kwenye ile sheria ya 1834. Kutoka 1834 hadi 1868 ni miaka 34. Ndani ya jimbo lile lile, kumfundisha mtoto mweusi kuligeuka kutoka kosa la jela kuwa wajibu wa serikali. Miezi 24 inaonekana kidogo kwetu sisi tunaolalamika muhula ukiongezwa wiki moja. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nimewahi kukaa nyumbani wiki mbili nikingoja karo ipatikane, nikisikia kengele ya asubuhi kutoka mbali. Kwa hiyo nilipofika kwenye kifungu hiki nilikisoma mara tatu.

Katiba ilipopita, watu wa Beaufort wakamchagua Smalls kuingia baraza la wawakilishi la jimbo mwaka 1868, baraza ambalo watu weusi walikuwa wengi zaidi ya nusu. Mwaka 1870 kiti cha seneti kikawa wazi, mwenye nacho akiwa amefanywa jaji wa mahakama kuu ya jimbo, Smalls akakigombea akashinda, akakaa hadi 1874. Alipigania mswada wa haki za raia, akasimamia kamati ya uchapishaji, akaanzisha gazeti lake pale Beaufort. Kazi nyingi ya mbunge ni vikao na makaratasi, wala sitajidai kuwa yote inapendeza kusimulia. Lakini shule zilifunguliwa, na maelfu ya watoto wakaingia, weusi na weupe, ingawa mara nyingi katika majengo mbalimbali.

Mwaka 1876, akiwa amekwisha kwenda Washington, alirudi kutuliza mgomo wa wafanyakazi wa mashamba ya mpunga kando ya mto Combahee. Hao walikuwa wakilipwa kwa vikaratasi badala ya pesa, na vikaratasi hivyo havikubaliki popote ila katika duka la tajiri mwenyewe. Smalls aliwaendea bila jeshi, akazungumza nao, fujo zikatulia bila damu kumwagika.

Lakini damu ilikuwa njiani. Wazungu waliokataa kutawaliwa pamoja na watumwa wao wa zamani walikuwa wameunda vikosi vya wapanda farasi waliovaa mashati mekundu. Mwezi Julai 1876, katika mji wa Hamburg, askari weusi wa jimbo waliuawa baada ya kutekwa. Smalls alisimama katika bunge la Washington akataka majeshi ya serikali yasiondolewe South Carolina. Mwaka 1877 yakaondolewa. Mwaka 1878 alipokwenda Gillisonville kuhutubia mkutano wa kampeni, mamia ya wale wa mashati mekundu wakamzingira, yeye na wafuasi wake wakajifungia dukani, risasi zikapigwa. Habari zikatapakaa vijijini, watu weusi wakaanza kuja kutoka kila upande na chochote walichoshika, na wale wapanda farasi walipoona vumbi linakaribia wakaondoka.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka, lakini mwalimu wetu wa historia hatanisamehe. Mwaka 1877 Smalls alishtakiwa kwamba akiwa seneta alipokea hongo ya dola 5,000 katika kandarasi za uchapishaji. Alipatikana na hatia, akahukumiwa miaka mitatu. Akakata rufaa, na mwaka 1879 gavana akamsamehe, katika mapatano ambayo Wazungu walioshtakiwa kwa wizi wa kura nao waliachiliwa. Je, alikula? Shahidi mkubwa alikuwa karani wa seneti ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kutumbukia katika ufisadi huo na alijiokoa kwa kutoa ushahidi. Mashtaka yaliletwa na wapinzani waliotaka kumng'oa. Smalls alikana hadi kufa kwake. Wengi wa wanahistoria huitilia shaka hukumu hiyo, na mimi niko upande wao, ila sikuwa mahakamani. Kwamba ulaji rushwa ulikuwapo katika bunge lile, hilo halina ubishi.

Kule Washington alihudumu kwa vipande vipande kati ya 1875 na 1887, akiibiwa kura hapa, akirudishwa na bunge pale. Mwaka 1886 akashindwa, na hakurudi tena.

Mwaka 1895 ndio unaonifanya nimheshimu zaidi. Jimbo lilikuwa limeshikwa na Ben Tillman, mtu aliyejigamba hadharani kuwa alikuwamo Hamburg siku ile ya mauaji. Tillman aliitisha mkutano wa kuandika katiba nyingine ili watu weusi wanyang'anywe kura. Zaidi ya nusu ya watu wa South Carolina walikuwa weusi, lakini kati ya wajumbe 160 weusi walikuwa sita. Sita! Watano wao walitoka Beaufort, na mmoja wao alikuwa Smalls, mzee wa miaka 56 sasa, aliyefiwa na mke wake wa pili mwaka huo huo. Hannah alikuwa amekufa mwaka 1883.

Njama yenyewe haikutaja rangi, maana katiba ya taifa ilikataza. Ilisema mpiga kura awe amekaa jimboni miaka miwili, awe amelipa kodi ya kichwa miezi sita kabla ya uchaguzi, tena ajue kusoma na kuandika kifungu cha katiba au awe na mali ya dola 300. Kwa muda fulani asiyejua kusoma angeweza kusomewa kifungu akieleze, na karani ndiye atakayeamua kama ameelewa. Karani Mzungu, bila shaka. Umeona ujanja? Mtu aliyenyimwa shule na sheria ya 1834 sasa ananyimwa kura kwa sababu hakwenda shule.

Wale sita walijua kuwa kura zao haziwezi kushinda. Hata hivyo walisimama mmoja baada ya mwingine wakabishana. Siku ilipoletwa hoja ya kukataza ndoa kati ya Wazungu na watu weusi, Smalls akasema vyema, lakini tuongeze kuwa Mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo serikalini, na watoto aliozaa naye wachukue jina lake na kurithi mali yake. Lo! Ukumbi mzima ulichafuka. Waheshimiwa wakatazama chini, maana kila mtu alimjua mwenzake. Nyongeza ikakataliwa, lakini ujumbe ulikuwa umefika, na kumbuka msemaji mwenyewe alizaliwa nyuma ya nyumba gani.

Katiba ilipokwisha, kila mjumbe aliitwa atie sahihi. Smalls akakataa. Akaonywa kuwa asiyetia sahihi hatapata marupurupu yake ya safari. Kutoka Columbia, makao makuu ya jimbo, hadi Beaufort si chini ya kilomita 150. Akajibu kuwa ni heri atembee kwa miguu hadi nyumbani. Katiba ikaanza kutumika bila sahihi yake. Kifungu cha shule za wote bila kujali rangi kikafutwa, pakaandikwa kuwa shule za weupe na za weusi zitenganishwe. Shule zenyewe, hata hivyo, hawakuzifunga.

Miaka iliyobaki Smalls aliishi Beaufort akiwa msimamizi wa ushuru wa forodha katika bandari ya mji wake, kazi aliyopewa na serikali ya Washington kwanza mwaka 1889, kisha tena kuanzia 1898 hadi 1913, alipoondolewa wakati wa Rais Woodrow Wilson. Alikuwa mgonjwa wa kisukari na malaria. Alikufa tarehe 23 Februari 1915, akiwa na miaka 75, ndani ya nyumba ile ile, hatua chache kutoka mahali kilipokuwa kile kibanda. Akazikwa katika uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist, Beaufort.

Masharti ya kusoma yaliyowekwa mwaka 1895 yalikuja kuvunjwa na sheria ya taifa ya mwaka 1965, miaka 70 baadaye. Mwaka 2023 jeshi la wanamaji la Marekani liliipa manowari yake moja jina la Robert Smalls. Manowari hiyo zamani ilikuwa na jina la vita ambavyo jeshi la Kusini lilishinda. Na mwaka 2024 bunge la South Carolina, lile lile, lilipitisha sheria ya kumsimamishia Smalls sanamu katika uwanja wa jengo lake mjini Columbia. Ni uwanja ule ule ambamo sanamu ya Tillman ilisimamishwa mwaka 1940.